Kikohozi cha Baragumu

Kuna watu hupewa sauti wakaifanyia kazi ya kuagiza chai tu, na kuna Baragumu. Huyu bwana alikuwa mnadi katika yadi ya vyombo vya nyumba: makabati, vitanda na majokofu ya watu waliohama au waliokufa. Vipaza sauti alividharau. Alipanda juu ya meza yoyote iliyokuwa haijapata mnunuzi, akaita, "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akaacha kugonga misumari ili asikie bei. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Hata mkewe alimwita Baragumu akiwa na furaha. Akiwa na hasira alimwita baba Kitinda, kwa jina la utani la binti yao wa mwisho.

Kikohozi chake kilianza kama vikohozi vyote, kwa kudharauliwa. Vumbi la yadi hilo, walisema. Kikakaa. Asubuhi alitoa makohozi mazito yenye harufu mbaya, na kila alipoinama kushika mguu wa kabati, kitu kiligugumia shingoni upande wa kulia, halafu kikohozi kikamkaba mpaka machozi yakamtoka. Homa ilikuja na kuondoka kama mpangaji asiye na adabu. Mashavu yakaanza kuingia ndani.

Alikwenda zahanati. Walipima makohozi, hawakuona vijidudu. Walipiga picha ya kifua, hawakuona cha maana. Lakini mtu anayekohoa na kukonda huwa ameshapewa jina kabla hajafika dirishani, na vidonge vya kifua kikuu vilikuwepo kabatini. Akaandikiwa.

Msimcheke mkewe kwa aliyoyafanya baada ya hapo. Alikuwa amemzika kaka yake kwa ugonjwa huohuo, na alikuwa amemuuguza kwa mikono yake mwenyewe mpaka mwisho. Kwa hiyo alifanya anachofanya mtu aliyewahi kuumwa na nyoka. Baragumu akahamishiwa chumba cha uani chenye dirisha kubwa. Akapewa kikombe chake, kilichofungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake ili kisichanganyike na vingine. Sahani yake ilioshwa peke yake. Yeye mwenyewe hakulalamika, maana aliamini alichoambiwa.

Aliyekuwa na shida ni Kitinda. Alikuwa hajaanza shule, na alimpenda baba yake kuliko usingizi. Ukimtoa uani kwa mlango, anarudi kwa dirisha. Kumfokea ilikuwa kazi bure. Basi Baragumu akabuni mchezo, na alijisifu sana kwa kuubuni. Alipohisi kikohozi kinapanda, alinadi: "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" na mtoto alipaswa kuziba pua kwa ukosi wa gauni, akimbie, awe nje na mlango umefungwa kabla ya mara ya tatu. Baba akakohoa huko ndani mpaka akamaliza. Kisha kichwa kidogo kikachungulia.

"Imeuzwa?"

"Imeuzwa!" aliunguruma Baragumu, na mtoto akaingia akicheka.

Baada ya miezi michache mnada haukuhitajika tena. Kikohozi chenyewe kilitosha. Baba akikohoa tu, ukosi ulikuwa puani na miguu ilikuwa mlangoni, hata kama mtoto alikuwa katikati ya sentensi. Majirani walisifu: mtoto ana akili huyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wahenga, nao hawakuwa wakitania.

Vidonge vikaisha, akaambiwa amepona. Kikohozi kikapungua, kikarudi. Akarudishiwa vidonge. Safari hii mkewe hakungoja. Alimpeleka Kitinda kwa dada yake mkubwa, upande wa pili wa mji, kwa muda. Hilo neno "kwa muda" lilaaniwe. Mtoto alianza shule huko, akang'oa meno ya utoto huko, akajifunza kuendesha baiskeli huko. Siku za likizo aliletwa, akasimama nje ya dirisha la uani na kumwonyesha baba yake madaftari kwa mbali.

Dozi ya pili nayo ikaisha, na mara nyingine tena akatangazwa mzima. Mama akamrudisha binti nyumbani kwa shangwe, kikombe chenye uzi kikatupwa jalalani. Jioni ileile, mezani, Baragumu aliinama kuokota kijiko, shingo ikagugumia, akakohoa. Alipoinua kichwa, kiti cha Kitinda kilikuwa kitupu na mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Asubuhi msichana akaomba mwenyewe arudishwe kwa mama mkubwa.

"Mlisema amepona," alimwambia mama yake, bila hasira. "Kikohozi chake kikiisha kabisa, nitarudi. Nikikisikia tu, siwezi. Miguu inaondoka yenyewe."

Miaka ikaenda. Kitinda akaingia sekondari. Baragumu aliendelea kunadi na kukohoa, huku wanunuzi wakisimama hatua chache nyuma zaidi ya zamani. Alichotaka kilikuwa kimoja, na kila aliyekaa naye dakika kumi alikijua: binti yake alale chini ya paa lake.

Kikohozi na makabati, kwa ushirikiano, vikampa ngiri. Akapelekwa hospitali kubwa kupasuliwa. Daktari wa usingizi alimlaza, akampitishia kooni ule mpira wa kupumulia, na kifua hakikupanda. Akasukuma hewa, kifua hakikupanda. Midomo ya Baragumu ikaanza kuwa ya bluu. Mpira ukavutwa, akapumuliwa kwa kifuniko cha uso mpaka rangi ikarudi, na upasuaji ukaahirishwa. Alipozinduka alipapasa tumboni, akakuta ngiri yake iko palepale.

"Sasa mmenifanya nini?" aliuliza.

"Mpira ulipotea njia," daktari wa usingizi alisema. Jasho lilikuwa bado linamtoka. "Uliingia mahali ambapo kwa binadamu hapapaswi kuwa na mahali. Hutoki hapa mpaka tujue ni wapi."

Wakamwingiza katika mashine ya mviringo inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande. Kisha wakamshushia kooni kamera nyembamba. Siku mbili baadaye daktari wa kifua, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, aliwaita yeye na mkewe, akawageuzia kioo cha kompyuta.

"Mzee, umewahi kuona mpira wa baiskeli ukitoa nundu?"

"Nimewauzia watu wengi tu mipira ya hivyo."

"Ndicho kilichotokea kwenye koo lako la hewa. Ukuta umefura ukatoa kifuko. Hiki hapa, nyuma, upande wa kulia, pale shingo inapoingia kifuani. Makohozi yanatumbukia humo, yanalala, yanaoza. Ukiinama yanamwagika, ndipo unakohoa. Kwenye picha ya kawaida hakionekani."

"Na kifua kikuu?"

Daktari alivua miwani. "Sioni alama yoyote kwamba uliwahi kuwa nacho."

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Baragumu kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Lakini hakufikiria hilo. Alifikiria dirisha la uani.

"Kwa hiyo hakiambukizi?"

"Kifuko? Mzee wangu, ni sawa na kuogopa kuambukizwa kidole cha sita."

Daktari alikusudia kuwachekesha. Mkewe aliangalia mikono yake mapajani, akaanza kulia bila sauti, na aibu yake ilijaza chumba kile kidogo mpaka daktari akainuka kufungua dirisha.

Alipoketi tena alieleza yaliyobaki. Wengi wenye kifuko kama hicho hawajijui mpaka wanakufa kwa mambo mengine, na hakuna anayewagusa. Chake kilikuwa kinaoza mara kwa mara. Wangeweza kumpa dawa kila kikiamka, na kumfundisha kulala kichwa kikiwa chini ili kimwagike chote. Au wakikate.

"Kata," alisema Baragumu.

"Subiri kwanza. Pembeni yake unapita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, mwembamba kama uzi. Mahali palipooza mara nyingi, vitu huwa vimegandamana. Ukiguswa, sauti inaweza kupotea kwa miezi. Inaweza isirudi. Kazi yako ni gani?"

"Mnadi," alisema, na wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi ya nje wakageuka.

Wakaanza na dawa. Kila asubuhi alining'inia ukingoni mwa kitanda, kichwa sakafuni, akitema kwenye kopo. Homa ikakoma, mashavu yakarudi. Kikohozi kikapungua nusu, na hiyo nusu ikang'ang'ania. Mkewe akapiga simu kwa dada yake na kueleza yote: hakuna kifua kikuu, hakijawahi kuwepo, ni kifuko tu. Sauti ya Kitinda ikaja kwenye simu.

"Bado anakohoa?"

"Kidogo sana, mwanangu."

"Haya, mama. Nitaona."

Mkewe alikata simu, akakaa.

"Wakikate," alisema Baragumu.

"Baba Kitinda, hiyo sauti ndiyo kazi yako. Ndiyo wewe. Mimi ndiye niliyemtoa mtoto hapa, ngoja nikamlete mwenyewe."

"Utamfunga kamba? Mimi ndiye niliyemfundisha kukimbia."

Walimpasua shingoni. Kifuko kilikuwa kimeshikana na kila kitu, kama daktari alivyohofia. Wakakitoa chote, wakashona koo la hewa, na jeraha likapona vizuri. Kikohozi kikakoma. Baragumu aliinama, akalala ubavu, akanyanyua kiti, na shingo ikanyamaza. Ila alipofungua mdomo kumwambia mkewe habari hiyo, ulitoka upepo.

"Tungoje," alisema daktari wa kifua. Walingoja. Upepo ulibaki upepo. Mwenye yadi alileta matunda, akakaa nusu saa akiangalia ukuta, na wiki iliyofuata mtu mwingine alipanda juu ya meza akiwa ameshika kipaza sauti. Hakuna haja ya kusema hilo lilimuuma kiasi gani. Alilia kama mtoto, na kulia nako kulikuwa kimyakimya.

Siku aliyoona kovu limefifia, alivaa shati jeupe akaondoka bila kumuaga mkewe. Alitaka Kitinda amwone mwenyewe, akae naye chini, asikie jinsi asivyokohoa. Njiani alijizoeza neno moja tu: "Imeuzwa."

Geti la mama mkubwa lilikuwa limeegeshwa. Uani, chini ya dirisha, Kitinda alikuwa amempa mgongo, akipiga pasi sketi ya shule juu ya meza, na redio ikiimba karibu yake. Alikuwa mrefu. Mabega yalikuwa ya upande wa baba yake. Baragumu aliita, na redio ikameza upepo wake. Akagonga geti kwa kidole, wimbo ukapanda. Akaingia, akasimama hatua chache nyuma yake, akaogopa kumgusa bega. Atamgusaje mtoto ambaye hajamgusa miaka yote hiyo, tena kwa nyuma, kama mwizi? Aliita tena. Aliita mara ya tatu.

Basi akafanya anachofanya kila mtu mstaarabu anapotaka kujulisha kwamba yupo. Alikohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mtu mzima, kikavu, chepesi, cha makusudi, cha kwanza tangu apasuliwe. Kitinda hakugeuka. Mkono uliinuka wenyewe ukavuta ukosi wa blauzi hadi puani, miguu ikaondoka, na kabla baba yake hajainua mkono, mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa na komeo limelia.

Baragumu alibaki amesimama. Alingoja kile kichwa kichungulie. Alikuwa ameshapanga midomo kwa lile neno lake.

Badala yake sauti ilitoka nyuma ya mlango, pana, ya shaba, ikaufunika wimbo wa redio na kuvuka geti, na watu barabarani wakageuka. Aliitambua kabla ya kuyaelewa maneno. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Mama!" iliita. "Njoo uone, kuna mgonjwa kaingia uani!"

Ndani, mama mkubwa akaitika, "Abee, mwanangu, nakuja." Pasi ilikuwa imeachwa juu ya sketi na moshi umeanza kupanda. Baragumu akaenda mezani, akainyanyua, akaisimamisha kando.