Nilikanyaga bendera ya hekalu, nikashindwa kunyamaza

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, Mtanzania, niko Joubert Park hapa Joburg. Chumba kimoja, mashine mbili, kelele za mtaa bure.

Nina mteja wangu, Bibi Kamla, Mhindu mzaliwa wa Tanga. Kiswahili chake? Aisee, mimi wa Morogoro naonekana mgeni.

Mwezi uliopita akaja na sari nyekundu ya marehemu mama yake. Anasafiri kwenda India, kwenye ngome kuukuu mlimani alikotoka babu yake.

Ndani ya ngome hiyo kuna mahekalu ya kale, yote magofu. Mapaa yameanguka, sanamu hazina nyuso, mbuzi ndio wanalala humo. Mama yake alikufa akitamani bendera ipandishwe tena pale, hata kama ni gofu.

"Nishonee bendera kwa sari hii, fundi. Kwa magoti haya sitakwenda mara ya pili. Sharti moja tu, isiguswe na mguu."

Nikamwambia ondoa shaka. Mke wangu mlokole alininunia siku nzima. Nikamjibu nashona kitambaa, siabudu.

Sasa mafundi mtanielewa. Kitambaa kirefu kikiteleza, unakibana chini kwa kidole gumba cha mguu, kazi inaendelea. Miaka yote nafanya hivyo bila kufikiri.

Namaliza pindo la mwisho, naangalia chini... eish! Dole limetulia juu ya sari ya marehemu.

Nilijitukana sana. Sari ni hiyo hiyo, na safari ni kesho. Lakini hakuna aliyeona. Nikapiga pasi, nikakunja, nikajiambia funga mdomo.

Bibi alipofika akaipokea kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso, amefumba macho. Hapo nikashindwa.

"Bibi, nisamehe. Niliikanyaga."

Akafumbua macho. Midomo ikaanza kumcheza, machozi yakamtoka. Wakuu, niliona aibu mpaka nikatamani kukimbia duka langu mwenyewe.

Kisha akaomba bakuli la maji. Akaiosha ile pembe niliyoikanyaga, yeye mwenyewe, taratibu, akaikamua.

"Mbuzi wamelala mle miaka na miaka, na bado nakwenda. Alama ya mguu wako nimeiosha. Ungeninyamazia, ningepandisha uongo kwa jina la mama yangu."

Jana ziliingia picha. Nguzo zimelala chini, nyasi zimeota mpaka mlangoni. Mpwa wake kapanda ukutani, bendera inapepea. Bibi kakaa juu ya jiwe, analia huku anacheka.

Nilichojifunza ni kwamba kosa la mguu huoshwa kwa maji. La kunyamaza sijui ningeliosha na nini. Mafundi wenzangu, kama una lako ulilokaribia kulificha, limwage hapa.

Halafu kuna voice note ya Bibi: "Fundi, ile pembe uliyoikanyaga ndiyo niliyoifunga juu kabisa."

Mke wangu, yule aliyeninunia, ameomba nimrudishie hiyo voice note aisikie mara tatu.