Panya wa Mama Mbele ya Mpishi wa Kantoni

Katika jiko la wazungu wa mradi wa karanga, Nachingwea, mimi nilikuwa mkanda unga, na mkubwa wangu alikuwa Mchina wa Kantoni aliyewahi kupika melini. Kiswahili chake kilichechemea, ila kwa habari za chakula hakuna aliyemweza. Nikikanda, yeye ananitembeza kwa maneno mitaa ya kwao. Ukifika Kantoni, alisema, asubuhi usile nyumbani. Toka barabarani unywe uji wa mchele wenye tangawizi na samaki wa chumvi. Mikate ya mvuke yenye nyama tamu ndani, ipasue ingali ya moto. Bata wa kuchoma, chagua yule anayedondosha mafuta. Wali, inua bakuli mpaka mdomoni, usione haya.

“Na kwenu mnakula nini?” aliniuliza siku moja.

“Pilau,” nikajibu. Mwongo mkubwa mimi! Pilau nilikuwa nimeila mara mbili tu maishani, zote harusini kwa majirani zetu Waislamu.

Wiki ile ile mama akaja kwa miguu kutoka Ruponda. Alikuwa amesikia kwamba mkubwa wa mwanawe ni mgeni aliye mbali na kwao, akamletea panya wa shamba waliokaushwa kwa moshi, wamepangwa kwenye vijiti. Kwetu sisi watu wa misheni, tusiokatazwa panya kama majirani zetu, hiyo ndiyo heshima ya mgeni. Kuku ni wa kila mtu. Lakini mimi nilikuwa nimeshavaa viatu. Nilipoona ile mikia mlangoni, nilitamani ardhi ipasuke.

“Nani huyu?” mpishi akauliza.

“Muuzaji tu. Wa huko porini.”

Mama Kiswahili hakukijua sana, lakini hilo alilisikia.

Mpishi akachukua kijiti kimoja, akakinusa, akacheka kwa furaha. “Kwetu pia! Tunakausha hivi hivi, tunapika juu ya wali!” Akamvutia mama kiti, akanituma chai.

“Mama, una watoto?” akamwuliza.

“Ninaye mmoja,” mama akasema, bila kunitazama. “Yuko mbali, kazini.”

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wangu, hakuna aliyenishika. Nikainama tu, nikammiminia chai, nyingine ikamwagika mezani.

Mama akaifuta kwa ncha ya kanga yake.

“Asante, bwana,” akaniambia.