Mvuvi Haulizwi Aendako

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nilimuuliza baba yangu maneno mawili tu, naye akageuka pale mlangoni, akarudisha fimbo yake ya kuvulia pembeni, akaketi mbele ya cherehani. Maneno yenyewe yalikuwa, "Unaenda wapi?" Jamani, mtoto gani hamuulizi babake hivyo? Tena mimi, ambaye mdomo wangu tangu kuzaliwa haujui kutulia.

Ilikuwa mwaka 2017. Tulipanga vyumba viwili uani kwa watu, mtaa wa Turffontein, Johannesburg. Baba alikuwa fundi wa kushona, lakini kwao Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, ni ukoo wa wavuvi watupu. Mdogo wake wa mwisho, Baba Mdogo Faustin, ndiye aliyekuwa mvuvi kuliko wote. Mwaka mmoja kabla ya siku ile, Faustin alitoka jioni na taa zake kwenda kuvua ndakala, dagaa wa ziwa lile, upepo ukamkuta katikati ya maji. Mtumbwi ulionekana. Yeye hakuonekana.

Tangu simu ya msiba ule iingie, baba alinyamaza. Zamani alikuwa akishona huku anaimba, tena kwa sauti mbaya, mpaka wapangaji wenzetu wanagonga ukuta. Sasa alijibu tu alichoulizwa: ndiyo, hapana, chumvi inatosha. "Mimi nimeolewa na picha," mama alimwambia rafiki yake wa kanisani, akidhani sisikii. Ndiye aliyeinunua ile fimbo, imetumika kidogo, kwa muuzaji mmoja wa vitu vya mitumba kule Newtown. Alisema baba akigusa maji tu, moyo wake utafunguka. Fimbo ilisimama pembeni miezi minne, ikikusanya vumbi na nyuzi za vitambaa. Halafu Jumamosi moja asubuhi, bila kuambiwa na mtu, baba akaichukua. Mama alisimama jikoni mikono mdomoni, hata kupumua hapumui. Ndipo mimi nikauliza.

Mama alinivuta sikio mpaka uani.

"Neema! Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi!"

"Nimefanya nini, Mama?"

"Mvuvi haulizwi aendako. Ukimuuliza, umemfungia safari. Atarudi mikono mitupu, au asirudi kabisa."

Nililia mpaka kwikwi. Nilijua vizuri kilichokuwa mikononi mwangu siku ile: baba alikuwa amefika mlangoni, amebakiza hatua moja tu atoke kwenye kimya chake, na mimi nimemrudisha ndani. Usiniambie kwamba mtoto haelewi mambo hayo. Nilielewa yote, na wiki nzima sikuweza kumtazama usoni.

Jumamosi iliyofuata alijaribu tena. Mama alinifungia chumbani, na haki yake. Baba akafika salama mpaka kona, kwenye spaza, kijiduka cha MaDlamini, mama wa Kizulu aliyekuwa akituuzia mkate. Sasa, mtu anapita asubuhi na fimbo ndefu begani, katikati ya Johannesburg, nani atanyamaza? "Hawu, baba! Uyaphi?" MaDlamini akapaza sauti kwa furaha yake yote. Unaenda wapi, kwa Kizulu. Baba akamsalimu kwa heshima, akanunua mkate ambao hatukuuhitaji, akarudi nyumbani.

Ndipo mama akaamua kwamba hili si jambo la kumwachia Mungu peke yake. Wiki ile alizunguka mtaa mzima. Alimweleza MaDlamini, alimweleza mwenye nyumba, alimweleza kinyozi wa Burundi, alimweleza hata yule mlinzi wa maegesho ambaye hakuwa akisema na mtu. MaDlamini alishika kifua. "Eish, kwetu pia mto una mambo yake," alisema, wala hakucheka. Na mimi mama akanipa kazi niliyoona ni adhabu, kumbe ilikuwa zawadi. "Utakwenda naye," alisema. "Ukiwa naye njiani, utamuuliza nini?"

Basi Jumamosi ya tatu tulitoka, baba na fimbo, mimi na kopo la chambo. Ee, ungeuona mtaa ule! MaDlamini alitupa mgongo akajifanya anapanga soda. Kinyozi aliinua mkono tu, midomo ameibana. Mwenye nyumba aliingia ndani mbio kama anayedaiwa. Mimi nilikuwa nabana kicheko mpaka tumbo linauma, na nilipomtazama baba, niliona shavu lake moja linatetemeka.

Tulipofika barabara kubwa, akasimama. Tulihitaji teksi, daladala za huku, na dereva lazima ajue tunakokwenda. Nikaona mkono wake unakaza fimbo, nikajua anafikiria kurudi. Lakini mimi nilikulia Johannesburg. Hapa teksi husimamishwa kwa vidole, kila upande wa mji una ishara yake, na abiria anaweza kufika mwisho wa safari bila kuulizwa kitu. Nikanyoosha kidole changu kwa ishara ya kusini. Teksi ikasimama, dereva akaangalia fimbo yetu, akaangalia kidole changu, tukapanda, akaondoa gari. Baba alinigusa kichwani.

Mto Klip si mto wa kujivunia. Maji yake ni ya rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, kingo zimejaa matete na mifuko ya plastiki, na upepo ukigeuka unasikia harufu ya viwanda. Hata hivyo watu walikuwa wamejipanga ukingoni na viti vyao vya kukunja kama wako arusini. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliona chambo chetu, nyungunyungu niliowachimba mwenyewe, akatikisa kichwa. Akampa baba donge la ugali mgumu, uliotiwa rangi nyekundu na harufu ya ndizi.

Baba alilinusa. Akanitazama. "Neema," alisema, "samaki wa huku wanakula ugali?"

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, machozi yakimtoka, na mimi nikacheka naye bila kujua ni wakati gani kicheko kiliisha na machozi yakabaki. Sikuwahi kumwona baba akilia. Nilimshika mkono wa shati.

"Mimi ndiye niliyemuuliza," akasema.

"Nani?"

"Faustin. Nilimpigia simu jioni ile. Nikamwambia, mbona kuna kelele za watu, unaenda wapi? Akanicheka. Akaniambia, Kaka, umekaa ugenini mpaka umesahau nyumbani? Mvuvi haulizwi. Halafu akaenda."

Baba akajipangusa uso kwa kofia.

"Uliponiuliza wewe, sikuogopa maji. Niliogopa nisirudi, halafu ukue na neno hilo kifuani. Mimi nalijua uzito wake. Na MaDlamini vilevile, naye ni mtoto wa watu."

Alasiri ile alivuta samaki mmoja mnene, wa rangi ya dhahabu iliyochakaa, mwenye vindevu mdomoni. Yule mzee akatuonya tusimle, maji yale yana kila uchafu wa mji. Baba akamshusha taratibu, akamshikilia kidogo majini, akamwachia. Tukarudi nyumbani mikono mitupu, tumeungua jua, tumenuka tope, na mama alipotuona akaanza kucheza katikati ya ua.

Kabla ya chakula cha jioni, baba aliomba simu. Alimpigia bibi yangu Kalemie, mama yake, ambaye tangu msiba alikuwa akizungumza naye mambo ya dawa na hali ya hewa tu. Sebule yetu ilikuwa ndogo na bibi alizungumza kwa sauti ya kuvuka ziwa, kwa hiyo tulisikia wote. Baba alimweleza. Alisema, mama, mimi ndiye niliyemuuliza mwanao.

"Mwanangu," bibi akasema, "wewe ulimuuliza mara moja. Mimi nilimuuliza kila jioni tangu alipoanza kuvua, miaka kumi na minane. Mzazi gani anaweza kunyamaza? Na kila asubuhi alirudi."

Baba aliweka simu mezani akafunika uso kwa mikono miwili, na mama akaenda akasimama nyuma yake.

Leo mimi ni mtu mzima, na nikisimulia haya watu huniuliza kama naamini. Siwezi kuucheka mwiko ule. Nadhani wazee waliukataza mdomo kuuliza kwa sababu anayeuliza amekwisha kukiri kwamba anayekwenda huenda asirudi, na hilo ni zito kulisema mlangoni. Lakini bibi, ambaye kila jioni alimwona mwanawe akielekea majini, aliuliza hata hivyo. Siku hizi baba huenda mtoni karibu kila Jumamosi. Mimi namuuliza anakwenda wapi, naye ananijibu, halafu namngoja.