Mzee Masanja na Presha ya Wajawazito

Naomba mcheke taratibu, maana aibu hii bado mbichi, na kila nikipita sokoni hapa Mpanda kuna mtu ananiuliza wajawazito wangu hawajambo. Mimi ni karani wa kumbukumbu kwenye kituo kimoja cha afya, nimesoma shule ya jioni mpaka nikapata cheti cha kompyuta (nimekitundika sebuleni, fremu yake kubwa kuliko dirisha), na kazi yangu ni kuingiza kwenye kompyuta namba ya ugonjwa wa kila mtu, kwa sababu watu wa bima hawana muda wa maelezo, wanaangalia namba.

Asubuhi hiyo foleni ilikuwa inakaribia kufika kijiji cha Kabungu. Akaja Mzee Masanja, mfugaji wa Kasekese, ana presha ya miaka mingi, vidonge vimemwishia na kichwa kinamgonga. Daktari alikuwa ameandika vizuri kabisa kwamba ni presha ya kudumu. Mimi nikaandika "presha", kompyuta ikaniletea orodha ndefu ya presha za kila aina, na badala ya kushuka nayo nikabonyeza ya juu kabisa, nikijiambia presha ni presha tu, nyie.

Kumbe ndiyo nimeshaharibu. Dada Neema wa dirisha la dawa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akasoma jibu la bima: "Mzee Masanja, dawa zako wamezikataa. Wanasema hii ni presha ya ujauzito, na wewe ni mwanaume."

Benchi zima likaangua kicheko. Mkewe, aliyemsindikiza, akamuuliza kwa upole mimba hiyo kaipatia wapi. Mimi nikajikunja nyuma ya kompyuta (na mwili wangu huu, ni kama kumficha kiboko nyuma ya ndoo). Mzee akainuka aje kuuliza, akayumba, akashika ukuta, na kicheko kikakatika hapo hapo.

Nikairudia kompyuta mbio. Neema akaja kunisimamia kichwani nikitafuta namba sahihi, akaniambia polepole, "Soma mpaka chini, kaka. Huyu akiondoka bila dawa, Kasekese hafiki."

Bima walipokubali nilishukuru kuliko siku ya matokeo ya mtihani. Mzee akapewa dawa, wakamlaza apumzike, presha ikaanza kushuka. Nikaenda kitandani kwake, nikamwamkia, nikaomba msamaha.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mama yao kanizalia watoto wengi. Acha na mimi nionje siku moja."

Angeweza kunishtaki kwa mganga mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, nikafukuzwa kazi na kubaki na cheti changu sebuleni. Badala yake mwezi uliofuata alikuja na mkewe, wametuletea mimi na Neema maziwa ya mgando, akaketi mbele yangu na kuegemeza fimbo yake mezani.

"Karani, usije ukaandika nimejifungua. Hii yangu ni ya kudumu."

Nikaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, nikaanza kushuka na orodha mstari kwa mstari, na foleni ikakaribia Kabungu tena, na safari hii niliiacha ifike.