Ruhusa ya Kubeba Viazi

Nilitolewa figo moja kabla sijaanza shule. Lilikuwa na kansa, ambayo nyumbani iliitwa "ile kitu", na baada ya upasuaji zikafuata dawa za kwenye mshipa zilizoninyoa kichwa bila wembe. Siku ya kutoka hospitali, huko Beni, daktari alimwambia mama: mtoto asibebe kitu kizito. Mama yangu ni mtu wa kutii. Padri akisema tufunge, yeye hufunga hata maji. Akaishika amri ile.

Aliishika hata kidonda kilipokauka, hata nywele ziliporudi, hata meno ya utoto yalipong'oka yakaota mengine.

Sisi ni watu wa Musienene, milimani karibu na Butembo, na kwetu mtoto wa kike hukua kwa mzigo. Kitunga hukaa mgongoni, mkanda wake hupita kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayofanya kazi. Binamu zangu walianza na vitunga vidogo vya mchezo, vikaongezeka mwaka hadi mwaka. Mimi nilishuka kutoka shambani mikono mitupu, nyuma yao, kama mkaguzi. Waliniita Madame. Mwanzoni nilicheka nao, kisha nikaacha. Niliwaza: kama nimepona, mbona sipewi kazi? Na kama sijapona, mbona hakuna anayeniambia? Hilo ndilo lililoniumiza, wala si kovu.

Kila mwaka, barabara ikiruhusu, tulipanda gari kwenda Beni nikapimwe mkojo na presha. Daktari aliongea na mama tu, nami nimekaa katikati yao. Alisema "stable, stable," akafunga faili. Mama alimshukuru, tukarudi na amri yetu ileile.

Mwaka mmoja tukamkuta daktari mwanamke, mgeni kwetu. Alipomaliza kunipima alivuta kiti akakaa mbele yangu mimi. Akaniuliza niko darasa gani, nacheza nini, kisha:

"Na ku nyumba unabebaka nini?"

Nikamjibu sibebi kitu. Hata bidoni ya maji? Hata bidoni. Mama akaingilia kwa fahari, maana alidhani tunamsifu: tangu siku ile, hata jembe hajaniwekea begani. Nilitamani kumpiga kiwiko.

Nilifikiri daktari atamgombeza, na kwa hasira niliyokuwa nayo ningefurahi. Badala yake akamshika mkono.

"Mama, ile ilikuwa tu ya kidonda, miezi kidogo. Sisi badaktari tulikuambia umuchunge, mais hatukukuambia siku ya kuacha. Kosa ni ya kwetu."

Kisha akanigeukia, akaniambia mambo yangu wazi kama mtu anayeongea na mwenye mali. Figo lililobaki linafanya kazi ya mawili. Ninywe maji ya kutosha, nisimeze dawa za maumivu bila kuuliza, na kupimwa nisiache. Ile kitu haionekani tena, na kadiri miaka inavyopita ndivyo hofu ya kurudi kwake inavyopungua.

"Donc ubebe," akasema. "Uanze na kidogo."

Mama alilia garini hadi Butembo. Wakati ule nilidhani ni furaha. Leo nadhani alikuwa akiaga kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote.

Wiki hiyohiyo tulipanda mlima kwenda shambani. Mama alijaza viazi kwenye kitunga, akapunguza, akarudisha kimoja, akapunguza tena. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Nikamwambia kwa mwendo huo tutalala hapo. Mwishowe akaniwekea mkanda kwenye paji, akashuka nyuma yangu, mkono wake chini ya kitunga njia nzima bila kukigusa. Binamu zangu walitupisha.

Asubuhi sikuweza kugeuza kichwa. Shingo iliwaka moto. Nikamwita mama, akaja mbio na unga mikononi na macho yale ya hospitali, akauliza naumwa wapi. Nikamwonyesha. Akanikanda polepole, huku na huku, kisha akaanza kucheka, cheko ambalo sikuwahi kulisikia kwake.

"Hii hapana ugonjwa, mama. Hii ni viazi."

Akarudi jikoni kwenye uji wake, akaniacha niumwe peke yangu, nami nikafurahi hadi machozi.