Macho ya Semana

Semana wa kijiji cha Muheto alikuwa mfugaji ambaye ng'ombe waliifahamu sauti yake tangu mbali. Mwaka wa 1953 chombo cha maziwa kilianza kumponyoka. Miezi michache baadaye vidole vilikuwa vimekonda na ulimi umekuwa mzito kama wa mlevi. Majirani wakanong'ona kwamba ametiliwa sumu. Mkewe, Emérita, hakubishana nao. Alitafuta watu wa machela, wakampeleka dispensari.

Muuguzi Evode alimvua shati, akatazama nyama ya bega ikirukaruka chini ya ngozi.

"Mama, siwezi kukudanganya. Hii ugonjwa haina dawa. Lakini kumutunza, ile tunaweza."

Akamwelekeza: maziwa mabichi yalikuwa yakimpalia, basi ampe ya kuganda, kijiko kidogo kidogo, ameketi wima, kidevu kimeinama. Amgeuze kila mara asichubuke. Na siku sauti itakapokatika, wazungumze kwa macho: kufunga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Sauti ilikatika mwaka uliofuata. Emérita akimwuliza kama uji ni mtamu, Semana alifunga macho mara mbili, halafu macho yenyewe yakacheka.

Ndipo posa ya binti yao, Drocella, ikaletwa. Kanamugire, mdogo wake Semana, akasema, "Nitajibu mimi. Kaka hana tena maneno."

"Maneno tu njo hana," Emérita akamjibu. "Akili iko yote."

Akapiga magoti mbele ya mumewe. "Papa Drocella, tuwapatie mutoto?"

Semana hakufunga macho. Aliyageuza kwa binti yake, yakabaki pale. Emérita akayafuata macho hayo.

"Unataka tumuulize yeye mwenyewe?"

Akayafunga mara moja.

Drocella alilia kwanza. Kisha akasema amemkubali kijana aliyeposa, ila arusi iwe upesi, Papa angali hai.

Ikawa hivyo. Semana aliketishwa mbele ya wageni, ameegemezwa mito, na mkewe akampangusa mate bila haya hata kidogo. Miezi minne baadaye, asubuhi ya mvua, pumzi ilimwishia kichwa chake kikiwa kifuani mwa Emérita.

Evode alipokuja kuomboleza, alitaja mgonjwa mwingine wa namna ile, huko Shasha. "Muke wake anaogopa kumulisha."

Matanga yalipokwisha, Emérita alifunga kitenge, akashuka Shasha kwa miguu.