Mikono Niliyomwibia Mama Mkwe

Katika miaka kumi na saba ya ndoa, mama mkwe wangu na mimi hatujawahi kula sahani moja wala kukaa kiti kimoja, na tukikutana mlangoni mmoja wetu anarudi nyuma. Kwetu ni hivyo. Mkwe anaheshimiwa kwa mbali: unainamisha kichwa, unapiga makofi mawili matatu ya pole, unaenda zako. Mtu akikwambia desturi hii ni nzito, usimwamini. Mimi niliipenda sana. Ilinisaidia kutomwogesha mtoto wangu wa kwanza hata siku moja.

Binti yetu alipozaliwa, mama mkwe alikuja kutoka Kipushi na mfuko wa unga, kuku wawili waliofungwa miguu, na vitambaa sita vyeupe vya mtoto ambavyo alikuwa amevipinda kingo kwa mkono wake. Akakaa miezi minne. Chumba cha kulala kikawa chake na mke wangu na mtoto, mimi nikahamia sebuleni. Asubuhi na jioni nilisikia maji yakimwagwa katika beseni la bluu, mtoto akilia, mtoto akinyamaza, nkambo yake, yaani mama mkwe, akimwimbia. Mimi nilikuwa barazani, nimekaa, heshima tupu. Majirani wa pale Katuba walipita wakasema, "Huyu bwana anajua bukwe," yaani heshima ya wakwe. Nikawakubalia kwa kichwa, kama mtu aliyechoka kwa kazi ya kuheshimu.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa na kazi. Nilikuwa nayo, katika karakana mjini, lakini saa tisa na nusu nilikuwa nimesharudi na viatu nimevua. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu utoto. Mahali ambapo siwezi kuvua viatu sipapendi. Kwa hiyo sikuwa mbali. Nilikuwa hatua sita kutoka kwenye lile beseni, ukuta mmoja katikati. Na mama mkwe aliporudi kwake Kipushi, niliendelea kumheshimu vilevile: kila mara mke wangu alipochukua beseni, nilitoka nje, kana kwamba mama yake bado yumo chumbani.

Si desturi peke yake. Siku zile, mwanamume aliyeonekana na kitambaa cha mtoto mkononi alipata sifa yake kabla jua halijazama: mkewe amemlisha. Amemlisha dawa, maana yake. Amekwisha, sasa anaendeshwa kama baiskeli. Mimi niliogopa kulishwa kuliko nilivyoogopa dhambi.

Ikapita miaka kumi na minne. Tulikuwa tumeshagawa nguo ndogo kwa watu, beseni la bluu limetoboka na kupandwa vitunguu, ndipo mtoto wa pili akaja, mvulana. Karakana ilikuwa imefungwa zamani. Mimi nilikuwa natengeneza simu na redio kwenye meza yangu barazani, na mke wangu alikuwa na meza yake ya vikwembe, yaani vitenge, sokoni. Kujua nani atabaki na mtoto hakukuhitaji diploma yangu ya sekondari. Na mama mkwe safari hii hakuja: mguu wake ulikuwa unamsumbua, hapandi tena gari. Nikatafuta ukuta wa kujificha nyuma yake, sikuuona.

Vyombo pia vilikuwa vimebadilika. Binti yetu alikulia kwenye beseni, kikwembe kimoja cha mgongoni, vitambaa sita na pini nne. Huyu mdogo, dada za mke wangu walimletea bafu ya plastiki yenye mgongo wa kuegemea, utafikiri mkubwa wa kampuni. Gari la kusukuma ambalo kwenye udongo wa barabara yetu lilikwama kama lori la makaa. Na ule mfuko wa kubebea mtoto kifuani, ambao niliuvaa nikatoka nao hadi getini, mtoto ananing'inia mbele kama redio ya mchuuzi. Na pampasi. Unafunga, unafungua, unatupa. Wiki ya kwanza nilijiona mjanja kabisa.

Hata malezi yenyewe yalikuwa yamegeuka. Siku ya kupima uzito tulikwenda wote, binti naye. Muuguzi akatusomea sheria. Mtoto alale chali. Wa kwanza tulimlaza kifudifudi. Maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata tone la maji hapana. Wa kwanza alikunywa maji ya sukari tangu wiki ya kwanza. Na ile pampu ndogo ya mpira ya kumsafisha mtoto tumbo kwa nyuma, ambayo wa kwanza aliipata kila Jumamosi bila kukosa, muuguzi aliitaja kama mtu anayemtaja mwizi wa mtaa. Binti yangu alisikiliza yote, mikono kifuani.

"Kumbe miye nilipona bahati tu," akasema njiani.

Tukacheka. Mimi nilicheka kidogo kuliko wengine.

Uongo wangu ulianza siku chache baadaye. Nilikuwa namwogesha mdogo, napima maji kwa kiwiko kama mke wangu alivyonifundisha, na binti amesimama mlangoni ananitazama.

"Papa, na miye ulikuwaka unaninawisha hivi?"

Kulikuwa na majibu mawili. La kweli lilikuwa fupi zaidi.

"Kila siku, mama," nikasema. Binti zetu tunawaita mama tunapowapenda, na pia tunapowadanganya.

"Mu nini?"

"Mu beseni ya bluu. Ile iko na vitunguu sasa."

"Nilikuwa nalia?"

"Ukiingia mu maji tu. Kiisha nakuimbia, unanyamaza."

Jikoni mfuniko wa sufuria ulimponyoka mke wangu ukaanguka sakafuni. Jioni, tukila bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, alinisogezea mboga akaniuliza kwa sauti ya upole, "Wimbo gani?"

Nikajifanya nina mwiba wa samaki kinywani. Hapakuwa na samaki.

Ningeweza kuurudisha ule uongo kesho yake ukiwa bado mdogo. Lakini binti aliupenda. Alikuwa akiurudia: niambie tena vile nilikuwa nalala, niambie nilikuwa nacheka nini. Nami nilikuwa na vya kumwambia, maana ukutani kwangu nilikuwa nimesikia kila kitu. Nilimpa jinsi alivyopiga chafya sabuni ikimkaribia. Nilimpa jinsi alivyoshika kidole na kukataa kukiachia. Kidole kilikuwa cha mama mkwe. Mwanamke ambaye sijawahi kumgusa hata mkono wa salamu, nilimwibia mikono yote miwili, nikaivaa mbele ya mtoto wangu. Rafiki zake wa shule walipokuja na kunikuta na pampasi, alikuwa akiwaambia, "Huyu wangu alianza zamani. Ba papa yenu beko wanafunzi."

Mwaka ukapita na miezi. Mdogo akaacha ziwa, akaanza kutembea kwa kushika kuta. Jumamosi moja katika mvua za Januari, mke wangu alikwenda Kipushi kumwangalia mama yake, arudi Jumatatu. Getini akaniambia, "Pampasi zimebaki nne. Ununue leo, usingojee."

Nikasema ndiyo. Duka liko kwenye kona, hatua mia hivi. Lakini kwenda huko ni kuvaa viatu, nami nilikuwa nimeshavivua. Nikasema kesho.

Kesho mvua ilianza kabla hatujaamka na haikutaka kuacha. Barabara yetu ikawa mto wa udongo mwekundu, na mwenye duka alikuwa amefunga, amekwenda kusali. Karibu na saa nne mdogo, ambaye usiku alikuwa amekula maharage mengi kuliko mimi, alimaliza pampasi ya mwisho. Nikamwita binti, nikamwambia hali ilivyo.

Hakuona tatizo. Tena alifurahi. "Bitambala biko," akasema, akaenda kwenye sanduku la mama yake. Akarudi na vile vitambaa sita, vimekuwa na rangi ya maziwa ya jana, na pini ndani ya kopo. Mama yake alikuwa amevichunga miaka yote ile. Akatandika kimoja kitandani, akamlaza ndugu yake uchi kando yake, kisha akasogea pembeni kama anayempisha padri.

"Professeur," akasema. "Tuonyeshe."

Nilikunja kitambaa mara mbili. Kikafanana na barua. Nikakikunjua, nikakifanya pembetatu, ncha moja ikafika kwenye goti la mtoto na nyingine sikujua inakwenda wapi. Mtoto aliniangalia kwa makini, kama mteja anayeona simu yake imefunguliwa na skrubu zinabaki. Nikashika pini, nikajichoma kidole gumba. Hatimaye nilimwinua mtoto juu nione kazi yangu. Mtoto alipanda. Kitambaa kilibaki kitandani. Naye, akiwa huko juu hewani, alinikojolea suruali yote.

Binti alicheka sana, ameshika ukuta. Kisha nikasikia kicheko kinakatika katikati.

"Papa. Weye haukukunjaka hii bitambala hata siku moja."

Haikuwa swali. "Zile pini za zamani zilikuwa zingine," nikaanza kusema, na nikajisikia ninavyosema. Nikamlaza mtoto.

"Hapana," nikasema. "Hata siku moja."

"Na kuninawisha?"

"Ni nkambo yako. Kiisha mama yako."

"Na wimbo?"

"Nkambo yako. Miye nilikuwa inje, nasikia."

Alimchukua ndugu yake, akamfunika na taulo, akamtazama yeye badala ya kunitazama mimi.

"Unamunawisha yeye juu iko mwanaume?"

Mwaka mzima nilikuwa nimejiandalia mashtaka yangu yote, nikayapanga na majibu yake. Hilo sikuwa nimeliandaa. Halikuwa limenipitia kichwani kwamba kila asubuhi niliyomwogesha mdogo, nilikuwa naandika kitu ambacho dada yake, siku uongo utakapotoka, angekisoma hivyo: kwamba yeye alikosa kwa kuwa ni msichana.

"Hapana, mama," nikasema. "Juu nilikuwa naogopa bantu."

"Ulikuwa unaogopa baseme mama alikulisha."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa nilizoea. Nakula mwenyewe."

Siku nyingine angecheka. Alitandika kitambaa upya, ncha chini, akakunja mara tatu, akapitisha pini huku vidole vyake viwili viko kati ya pini na ngozi ya mtoto, ili ikikosea imchome yeye. Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Nkambo. Ku Kipushi, mu likizo. Nilikuwa nafanya na mtoto wa matambala." Kisha, bila kuinua macho: "Shika miguu."

Nikashika miguu.

Siku ile yote hakuniita professeur. Aliniita Papa, kila kitu Papa, kwa adabu kubwa: Papa chakula kiko tayari, Papa samahani napita. Mvua ilipungua mchana, nikavaa viatu bila kuambiwa, nikaenda hadi dukani, bado limefungwa. Nikarudi na matope hadi magotini, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Nilikaa barazani, mahali palepale, nikifikiri. Redio ya mtu ikiharibika mkononi mwangu, naweza kumtafutia nyingine. Lakini kumwogesha mtoto si kitu unachorudi nyuma kukifanya. Ana miaka kumi na tano. Anapokwenda kuoga anafunga mlango, na ndivyo inavyotakiwa. Na hata kile kidogo alichokuwa nacho, baba wa beseni la bluu, nilikuwa nimempa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine.

Jumatatu jua lilitoka. Mke wangu alifika saa sita hivi, viatu mkononi, akasimama katikati ya uwanja wetu akitazama kamba ya nguo. Vitambaa vitano vilikuwa vinakauka. Cha sita mdogo alikuwa anatembea nacho.

"Nani alikunja?" akauliza, huku ananitazama kwa ule uso wa siku ya mfuniko.

Binti alikuwa anaosha vyombo, ametupa mgongo. "Ni papa," akasema.

Alisema bila kugeuka, polepole, kama mtu anayetaja saa. Ningeweza kuipokea ile zawadi. Mpaka leo sijui kama ilikuwa zawadi au mtego. Kilichonitisha ni sauti. Naijua ile sauti. Ndiyo niliyotumia mimi nikisema, "Kila siku, mama."

"Hapana," nikasema. "Ni yeye. Miye nilishika miguu tu."

Mke wangu akamtazama binti, akanitazama mimi, akaweka viatu chini.

"Mama anakusalimia," akasema. "Aliuliza nani nimemwachia mtoto. Nikamwambia ni weye. Alicheka mpaka mguu ukamuuma."

Akaingia ndani. Binti aliendelea kusugua sufuria moja, ambayo ilikuwa imeshatakata. Kisha akafuta mikono kwenye kikwembe chake, akachomoa kitambaa kimoja kilichokauka, akaja barazani. Akasukuma skrubu na waya zangu pembeni, akakitandika juu ya meza.

"Kunja."

Nikakunja. Alikitazama kwa muda, akakivuta ncha moja, kikafumuka chote.

"Rudilia," akasema.